Usiruke Panzi: Namna ya Kuifaidi Riwaya Ndefu ya Maajabu Ukiwa Binza

Mpe mtoto wa Binza, huku Usukumani, kitabu cha kurasa 300 chenye joka kwenye jalada, na jambo la kwanza atakalofanya ni kukigeuza nyuma aone kinaishia ukurasa wa ngapi. La pili ni kukirudisha mezani. Hana kosa. Vitabu alivyozoea kukabidhiwa vina maswali mwishoni, na kadiri kurasa zinavyoongezeka ndivyo maswali yanavyozidi. Mwongozo huu ni wako wewe uliye darasa la sita hadi kidato cha pili unayetaka kukimaliza kitabu kama hicho kwa raha, na ni wako pia wewe mzazi, mwalimu au dada mkubwa unayetaka kumsomea mtu. Nimewachanganya makusudi. Riwaya za namna hii hunoga zikiwa na wasikilizaji.

Kabla ya kufungua kitabu chochote, mwombe mtu mzima wa hapo nyumbani akusimulie Masala Kulangwa, hata kama umeshaisikia. Usukuma nzima inaijua, kuanzia Bariadi na Maswa hadi Mwanza, ingawa kila mji una namna yake ya kuisimulia. Zimwi Shing'weng'we limemeza watu wote na mifugo yote ya dunia. Kabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye lundo la makapi. Anajifungua mtoto wa kiume, mtoto anakua, siku moja anauliza: mayu, mbona tuko wawili tu? Mama anamweleza yaliyotokea. Basi kijana, ambaye ndiye Masala Kulangwa mwenyewe, anatoka kumtafuta huyo Shing'weng'we, ambaye hajui hata anafananaje.

Hapo ndipo pa kutega sikio. Anaua panzi, anarudi nyumbani akiimba kwamba amemuua Shing'weng'we. Mama anamwambia huyo ni panzi, mwanangu, tumchome tumle. Siku nyingine anarudi na ndege, wimbo ni ule ule. Siku nyingine na paa. Kila mara mama anamtuliza, na kila mara mnyama ni mkubwa kidogo kuliko wa jana. Msimulizi mwenye haraka akitaja panzi kisha akarukia zimwi, watoto humkatalia palepale. Wanataka ndege wao, wanataka paa wao, na zaidi ya yote wanataka kuimba. Zimwi likija hatimaye, ukubwa wake wataupima kwa wale wanyama waliotangulia.

Riwaya ndefu ya maajabu imejengwa hivyo hivyo. Chukua The Hobbit, kitabu alichokitoa J. R. R. Tolkien mwaka 1937. (Tolkien alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akakulia Uingereza.) Bilbo Baggins ni kijitu kifupi chenye manyoya miguuni, kinachopenda chakula na kuchukia safari. Anachukuliwa na vibeti 13 na mchawi mmoja, Gandalf, kwenda kurudisha hazina iliyokaliwa na joka linaloitwa Smaug. Sasa joka liko mbali. Njiani kuna majitu matatu yanayogombana jinsi ya kupika mateka wao, kuna mashetani wa mapangoni, kuna mbwa mwitu, kuna buibui wakubwa kama ndama. Hao ndio panzi, ndege na paa. Anayekiacha kitabu cha aina hii katikati, mara nyingi alikuwa anamsaka joka tangu ukurasa wa kumi, akaona wengine wote ni wa kumpotezea muda. Ukianza kusoma, jiulize kila sura: huyu wa leo ni mkubwa kuliko wa jana kwa kitu gani? Na shujaa wetu ameongezeka nini baada ya kumshinda? Bilbo anayefika kwa joka siye yule aliyetoka nyumbani akilalamika kwamba amesahau leso.

Kupanda ngazi

Kama hujawahi kumaliza kitabu kisicho cha mtihani, usianze na mlima. Tafuta kwanza Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952. Ni kijitabu chembamba, na ndani yake kuna mtu mwema, anayeheshimika, ambaye kila usiku lazima awachape manyani wawili, kisha anawahurumia. Kwa nini? Hilo swali peke yake litakuvuta hadi mwisho, na njiani utapita kwenye mji mzima uliogeuka mawe. Halafu Kusadikika, ya mwaka 1951, nchi inayoelea hewani, ambako mshtakiwa Karama anajitetea mahakamani kwa kusimulia safari za wajumbe sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Safari moja inatosha jioni moja. Nakuonya tu kwamba hotuba za mahakamani ni nzito. Hizo zisomwe na mtu mzima mwenye sauti, wewe ubaki na safari.

Ukitaka kuzoea hadithi isiyoisha ndani ya kitabu kimoja, M. M. Mulokozi aliandika Ngome ya Mianzi na Ngoma ya Mianzi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kuhusu vita vya Wahehe na Wajerumani. Hazina uchawi wa majoka, lakini zina mbio, mitego na usiku wa hatari, na zinakufundisha kubeba wahusika kutoka kitabu hiki kwenda kile. Kisha kuna Marimba ya Majaliwa ya Edwin Semzaba, ya mwaka 2008. Semzaba huyo huyo ambaye shuleni anajulikana kwa tamthiliya ya Ngoswe. Hapa aliamua kuwaandikia watoto riwaya ya safari na maajabu, tena ndani ya Tanzania hii hii.

Jina la kitabu lisikudanganye. Joka la Mdimu ni riwaya nzuri ya Abdallah Safari, lakini anayeifungua akitafuta joka atakuta ugumu wa maisha, magendo na siasa. Na Mashimo ya Mfalme Sulemani, ambayo Rider Haggard aliiandika mwaka 1885 na Kiswahili chake kikatoka enzi za Waingereza, inasisimua kweli, ila Mwafrika ndani yake anatazamwa kwa jicho la mkoloni. Isome, lakini usilale.

Kuvipata vitabu hivi ni kazi kidogo. Maduka ya vifaa vya shule mjini Bariadi na Maswa huuza zaidi vile vinavyotahiniwa. Kama una ndugu Dar es Salaam, mwambie apite duka la vitabu la TPH Mtaa wa Samora, kisha akupakilie kwenye basi. Kikifika, kijalidi siku hiyo hiyo kwa karatasi ya kaki na juu yake nailoni, kwa sababu vumbi la Julai huku kwetu halichagui daftari wala riwaya.

Saa, taa na mahali

Kalenda ya shamba ndiyo kalenda ya kusoma. Kuanzia Novemba hadi Februari, miezi ya kupanda pamba na kupalilia, usijidanganye: mwili umechoka, na mvua ikipiga bati msomaji hasikiki hata akipiga kelele. Kumbikumbi nao wakiiona taa hawaachi kitu. Anza likizo ya Juni, jioni zikiwa kavu. The Hobbit ina sura 19. Mkisoma jioni tatu kwa wiki, sura moja kila jioni, mtamaliza katikati ya Julai bila kumkimbiza mtu.

Mahali ni pale pale wazee walipotukalisha: shikome, kando ya moto wa jioni, au uani kama moto haupo. Taa ndogo ya sola iwe nyuma ya bega la msomaji, si usoni mwake, ili kivuli cha kichwa kisiangukie ukurasa. Matobolwa yaruhusiwe. Karanga wale wasikilizaji, msomaji asubiri, maana mafuta ya karanga yakishaingia kwenye karatasi hayatoki, na ukurasa unaofuata utausoma ukiwa unaona herufi za upande wa pili.

Nani asome? Yule mwenye kubadili sauti, hata kama si yeye anayeongoza darasani. Na akomee wapi? Shahrazad wa Alfu Lela Ulela alijua: alikatisha hadithi pale mfalme alipokuwa ameshika pumzi, na kwa njia hiyo akaishi hadi kesho yake. Funga kitabu mlango unapogongwa, kabla hatujajua nani anagonga. Watalalamika. Kesho watakuwa wameshatandika mkeka kabla hujamaliza kula.

Kuhusu kusoma peke yako machungani, sikukatazi, ila chagua sura. Sura ya karamu na nyimbo unaweza kuisoma ng'ombe wakiwa karibu na choroko za jirani. Sura ya vita hapana. Ukiinua kichwa vita vimeisha na choroko zimeisha, na kitakachofuata hakimo kitabuni.

Kiingereza kisikutishe

Tuseme kweli: vitabu vingi vya aina hii viko kwa Kiingereza. Harry Potter wa J. K. Rowling ana vitabu saba, cha kwanza mwaka 1997 na cha mwisho 2007, na vya baadaye vimenenepa kuliko ndugu zao wa mwanzo. Wa kidato cha kwanza atakwama ukurasa wa pili akijaribu kutafuta kila neno. Dawa yake ni hii: mchana soma sura peke yako, ukiruka maneno usiyoyajua ilimradi unaona nani kaenda wapi na nani kamfanya nini. Ukimaliza sura ndipo ufungue kamusi ya TUKI, utafute maneno machache tu yaliyokuwa yanajirudia. Jioni usiwasomee wenzako Kiingereza. Wasimulie kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma kama bibi yupo, kitabu kikiwa wazi magotini, na mahali pazuri sana uwasomee sentensi moja mbili kama zilivyo ili wasikie mlio wake. Utashangaa: sura uliyoielewa nusu mchana utaielewa yote usiku, kwa sababu wasikilizaji watakuuliza maswali ambayo hukujiuliza. Bibi hasa. Bibi hapitishi kitu.

Majina ni kikwazo kingine. Vibeti 13 wa Tolkien wanaitwa Thorin, Balin, Dwalin, Bifur, Bofur, Bombur na kadhalika. Ukisoma haraka wote wanakuwa mtu mmoja mwenye ndevu. Wape majina ya nyumbani kufuatana na tabia. Fili na Kili, ambao ni ndugu na hawaachani, kwetu watakuwa Kulwa na Doto siku ya kwanza tu, ingawa si mapacha. Bombur ni mnene na anapenda kulala. Hapo kila familia ina mjomba wake wa kumpa jina. Andika orodha nyuma ya daftari, jina la kitabu upande mmoja, jina lenu upande wa pili.

Ramani nayo ichorwe. The Hobbit ina ramani yake ndani, lakini ichore upya kwa chaki sakafuni au uani kwa kijiti, na uipe mahali unapopajua. Chaki za Maswa zitafaa. Mto mkubwa utakuwa Simiyu. Msitu wa Mirkwood, ambako wasafiri wameonywa wasiache njia, utakuwa Pori la Akiba la Maswa, na hakuna mtoto wa huku anayehitaji kuelezwa kwa nini usiiache njia mle. Kila jioni sogeza kokoto moja kuonyesha Bilbo amefika wapi. Aliyekosa jana ataangalia kokoto kabla ya kuuliza.

Kalagu!

Sura ya tano ya The Hobbit isisomwe kama sura nyingine. Bilbo amepotea gizani chini ya mlima, ameokota pete, na kando ya ziwa jeusi anakutana na Gollum, kiumbe chembamba chenye macho kama taa. Wanakubaliana kushindana kwa vitendawili. Bilbo akishinda ataonyeshwa njia ya kutokea, akishindwa ataliwa.

Msomaji, ukifika hapo punguza mwendo. Kila kitendawili kikitajwa, funika jibu kwa kiganja, wewe useme "Kalagu!", nao waitikie "Kize!", kisha wape nafasi ya kutegua. Usifunue kabla hawajajaribu. Kwenye vitendawili vya Kiswahili asiyejua hutoa mji, na mpinzani wake anautembeza mji huo kwa majigambo ndipo atoe jibu. Kwa Gollum hakuna mji. Ukishindwa ni uhai. Mtoto anayejua mchezo huu kwa mwili wake, aliyewahi kuona aibu ya kutoa mji mbele ya binamu zake, ataisikia hofu ya Bilbo kuliko msomaji wa London anayekutana na vitendawili kitabuni tu. Mkimaliza sura, kabla ya kulala, tegeaneni vya kwenu. Vipo vya kutosha kumshinda Gollum hadi alfajiri.

Mzazi anayeogopa uchawi

Wapo wazazi watakaoona neno "mchawi" kwenye jalada na kukitupa kitabu. Usiwacheke. Huku kwetu neno hilo lina damu. Vikongwe wameuawa katika mikoa hii ya Ziwa kwa sababu tu macho yao ni mekundu, na macho yenyewe mara nyingi yamefanywa mekundu na moshi wa kuni za kuwapikia wajukuu. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa sababu ya imani za utajiri. Mzazi mwenye hofu ana sababu zake, na hazijibiwi kwa kumwambia ni hadithi tu.

Mjibu kwa mwisho wa Masala Kulangwa. Shing'weng'we ameuawa, kijana anampasua, watu wanatoka tumboni, baba yake akiwemo. Lakini kisu kimekosea kidogo kikakata sikio la bibi mmoja. Bibi anakasirika, anamtukana, anataka kumloga. Kila mtu alitazamia bibi ashukuru kwa kutoka hai na anyamaze. Yeye analia sikio lake. Na kijana anafanya nini? Wenzake wanamlinda, yeye anatafuta dawa, anamtibu bibi mpaka anapona. Ndipo wanamtawaza. Ukishaisimulia hiyo mbele ya mzazi, mwambie kitabu kina mambo kama hayo, kisha msomee sura moja mwenyewe asikie.

Na kama unaweza kupata Akata Witch ya Nnedi Okorafor, ya mwaka 2011, ipate. Inatokea Nijeria, na shujaa wake Sunny ni msichana mwenye ualbino anayegundua kwamba ana nguvu ambazo wenzake hawana, na anatakiwa pamoja na rafiki zake kumkabili mtu anayeteka watoto. Inatisha, kwa hiyo mtu mzima aisome kwanza. Lakini fikiria mtoto mwenye ualbino wa Simiyu, ambaye amezoea kusikia habari zake zikitajwa kwa kunong'ona, akimkuta mwenzake yuko katikati ya kitabu kizima na mataa yote yamemwelekea yeye. Sijui kitabu kingine ambacho ningependa zaidi kukiona Bariadi.

Waache wanyama wawe wanyama

Utasikia sauti ya darasani ikikuuliza: dhamira ni nini? Ujumbe? Falsafa ya mwandishi? Ikaribishe, iambie isubiri nje mpaka kitabu kiishe. Shing'weng'we amepewa maana nyingi na watu wazima, na makatekista wamemfananisha Masala Kulangwa na Kristo mkombozi. Maana hizo zilimkalia Shing'weng'we vizuri kwa sababu kwanza alikuwa zimwi lenye tumbo, lililomeza ng'ombe wa mtu unayemjua. Zimwi linaloanza kama somo halimezi mtu. Jioni ya buibui, mwache buibui awe buibui. Watoto wakikumbuka yale wanayosimuliwa kuhusu Ng'wanamalundi, aliyenyooshea miti kidole ikakauka, waache wabishane kama angemweza Gandalf. Ubishi huo una uhakiki ndani yake kuliko majibu mengi niliyoyasoma kwenye karatasi za mtihani.

Jambo la mwisho la kuangalia ni lile sikio la bibi, yaani yanayobaki zimwi likishauawa. Joka likishakufa, usifunge kitabu. Sitakuambia nani anamuua Smaug, ila jua kwamba kurasa nyingi zinabaki, na ndizo ngumu: hazina iko wazi, na waliokuwa marafiki tangu sura ya kwanza wanaanza kutazamana vibaya. Wengi huzisoma mbiombio wakidhani hadithi imekwisha. Zipe jioni zake kamili. Waulize wasikilizaji wangegawanaje ile dhahabu, na usiwape jibu. Katika nyumba yenye mashemeji wanaodaiana ng'ombe, mjadala huo utakesha.

Kisha kitoe kitabu nje. Kabla hakijaondoka, andika ndani ya jalada la nyuma jina la anayekiazima na tarehe, na chini yake acha mistari mitupu. Anayekirudisha aandike sura aliyoipenda, mstari mmoja tu, bila kutaja mwisho. Anayekirudisha bila kuandika hapewi kinachofuata.